Bawa Lililonyooshwa

Katika chumba cha kushonea cha Mzee Hamimu, mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura, avenue ya tano, lipo sharti moja lisilo na mjadala: aliyepima ndiye anayekata. Sharti hilo lilizaliwa na aibu. Miaka thelathini iliyopita Hamimu alikuwa akishona pamoja na mwenzake Shakuru, na siku moja Shakuru akampima bwana harusi, Hamimu akakata kitambaa. Kumbe Shakuru alikuwa na mazoea ya kupitisha vidole viwili chini ya utepe ili nguo isije ikabana, na Hamimu yeye hupima kwa kubana, kisha huongeza vidole viwili wakati wa kukata. Viwili juu ya viwili. Bwana harusi akaingia msikitini na koti ambalo lingemtosha yeye na mshenga wake, na watu wakashindwa kuitikia dua kwa kicheko. Ukiwauliza wenyewe, hakuna fundi aliyekosea siku ile. Kila mmoja alipima sawasawa, kwa namna yake.

Hayat, binti wa mwisho wa Hamimu, alikisikia kisa hicho tangu hajaota meno. Alikisikia mara nyingi mno hata masikio yakakizoea, akawa anacheka mahali pa kuchekea bila kusikiliza. Hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka miwili alikuwa amekula na kulala na ndege wawili ambao hajawahi kuwaona wakiruka. Vijindege vidogo, rangi ya majani makavu, ndugu wa hao wanaopiga kelele kwenye matete ya mto Rusizi na ambao hakuna mtu wa Bujumbura anayegeuza shingo kuwatazama. Mmoja ni wa visiwa vya Shelisheli, mwenzake ni wa kisiwa cha Rodrigues, mbali huko kwenye Bahari ya Hindi. Wote wawili waliwahi kubaki makumi machache tu duniani, kisha wakaongezeka tena. Kwa mtu mwenye haraka, ni ndege mmoja. Lakini maisha yao yamepishana kabisa. Wa Shelisheli kwa kawaida hutaga yai moja, na mabinti zake wengi hawaondoki nyumbani. Hubaki kumsaidia mama kulisha kifaranga anayefuata. Wa Rodrigues hutaga mawili au matatu, na watoto wakishajua kuruka hujiendea zao bila kuaga.

Tasnifu ya Hayat ilikuwa ya kuwalinganisha hao wawili, sauti kwa sauti, kiota kwa kiota, bawa kwa bawa. Na kwenye mabawa ndipo alipookota dhahabu. Alipelekwa wiki tatu Ulaya, kwenye makumbusho moja yenye ghala chini ya ardhi, akapima mwenyewe ndege wa Shelisheli: mizoga mikavu iliyojazwa pamba, kila mmoja na kikaratasi mguuni. Unaweka kiungo cha bawa kwenye rula, unasoma ncha ya unyoya mrefu kuliko yote. Wale wa Rodrigues walikuwa makumbusho nyingine, nchi nyingine, na viza ilikuwa inakwisha. Mzee mmoja mtunza ghala wa huko, mtu wa roho nzuri, akampelekea orodha ya vipimo vyao kwa barua pepe. Hayat akaunganisha orodha mbili, akachora mchoro, na mchoro ukazungumza: bawa la Rodrigues lilizidi la Shelisheli kwa milimita mbili.

Milimita mbili ni kitu gani? Kwa fundi nguo ni upana wa chaki. Kwa Hayat zilikuwa ndoa ya mambo yote. Anayehama nyumbani ana bawa refu, anayebaki kulea wadogo zake ana bawa fupi! Madame Irène, msimamizi wake chuoni, alipiga makofi aliposoma sura ile ya tasnifu. Ni sura ileile iliyomletea Hayat barua kutoka Ubelgiji, kwamba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu kuanzia Septemba ni yake, mradi awe na diploma mkononi kabla ya Julai kwisha. Kutetea tasnifu kulipangwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi huohuo. Hakukuwa na siku ya kuchezea.

Jumatatu ya wiki hiyo, baada ya alasiri, baba yake alimwita ajaribu koti la safari.

Lilikuwa koti zito la kijivu, la baridi ya Ulaya, na mzee alikuwa amelihangaikia wiki mbili nzima, akiwarudisha wateja wengine kesho na keshokutwa. Hayat aliingiza mikono na mara moja akajua mambo si mambo. Lilibana makwapani. Kifuani vifungo vilikuwa vikivutana na matundu yake. Akamtazama baba yake, miaka sitini na minane, kofia nyeupe, pini tatu mdomoni, anasubiri kusifiwa na kujifanya hasubiri.

"Limekaa vizuri, Baba."

"Geuka."

Aligeuka. Mzee akampitisha kiganja mgongoni, taratibu, toka bega hadi bega, akarudia. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Haya. Nieleze tena bale ndege yako. Alhamisi nitakaa mbele, sitaki kusinzia mbele ya maprofeseri."

Hayat alifurahi kubadilisha mazungumzo. Akachukua rula ya mezani, akaeleza bawa linavyolazwa, likaachiwa na mpindo wake wa asili, namba ikasomwa. Akaeleza ile tofauti ya milimita mbili. Mzee alisikiliza huku akikunja mabaki ya kitambaa.

"Na hawa wa kile kisiwa kingine, ni we uliwapima?"

"Apana, ni muzee mumoja wa kule. Alinitumia liste."

"Alipima kwa kubana ao kwa kuachia?"

Hayat akacheka. Baba naye, kila kitu kwake ni suruali! Alicheka hadi mlangoni, na pale mlangoni kicheko kikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alivua koti bila kusema neno akaenda chumbani kwake, akafungua kompyuta, akaitafuta ile barua pepe ya miezi minane iliyopita. Orodha aliijua kwa moyo. Alichokuwa hajakisoma ni mstari mmoja chini ya orodha, herufi ndogo, Kifaransa cha heshima: mabawa yote yamepimwa yakiwa yamebanwa bapa juu ya rula na kunyooshwa hadi mwisho.

Aliusoma mara tatu. Bawa la ndege lina mpindo. Ukilibana na kulinyoosha linaongezeka urefu, na ongezeko lenyewe kwa kijindege kama kile ni milimita moja, au moja na nusu, au hizohizo mbili. Huwezi kujua ni ngapi bila kurudi kwenye mizoga, maana kila mmoja umekauka kwa ukaidi wake. Huenda ndege wa Rodrigues ana bawa refu kweli. Huenda hana. Sura nzima iliyopigiwa makofi ilikuwa imesimama juu ya kidole gumba cha mzee wa watu aliyebonyeza bawa kwa nia njema, na akasema amebonyeza, na binti wa fundi nguo hakusoma. Hayat aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na alikuwa peke yake chumbani.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa Madame Irène na barua ile imechapishwa. Madame Irène aliisoma amesimama, kisha akakaa. Si mwanamke mbaya, na atakayemsema vibaya hajawahi kufundisha miaka kumi na minane kwenye maabara ambayo friji yake inafanya kazi siku ambazo umeme unataka.

"Mi pia nilisoma hii tableau ya vipimo," alisema. "Nikaipitisha. Basi tumekosa sisi wawili."

"Niondoe ile sura, Madame?"

"Ukiiondoa inabaki nini? Sauti na viota, vitu ambavyo wengine wameisha kuandika. Écoute, nisikilize, Hayat. Kwenye jury ya watahini kuna mutu wa samaki na mutu wa mbu. Hakuna atakayeuliza mambo ya bawa. Tutaweka phrase moja kwenye discussion, kwamba vipimo vitahakikishwa. Unaenda Ubelgiji, unapima upya wote, unarekebisha. Usipoenda, utarekebishia wapi? Hapa Bujumbura?"

Hilo la mwisho lilimwingia. Lilikuwa na akili, na Hayat alitaka sana liwe kweli. Akatoka pale amepunguza mzigo nusu, lakini kabla hajafika barabarani mzigo ukarudi wote, tena na ndugu yake. Kwa sababu sasa alijiuliza jambo jingine baya zaidi. Kaka zake wawili waliondoka zamani. Dada yake Radhia ameolewa Gihosha na huja Ijumaa kwa Ijumaa. Aliyebaki na baba tangu mama afariki ni yeye: anayepika, anayempimia dawa ya presha, anayemtilia uzi kwenye sindano kwa sababu taa ya chumba kile, anasema mzee, haifai. Je, ni ukweli anaoutaka, au anatafuta kisingizio cha kutokwenda? Hakujua. Alichunguza moyo wake barabara nzima na hakupata jibu, na hofu hiyo ilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Jumatano alimwambia baba yake. Alidhani atapata mtu wa kumuunga mkono. Nani zaidi ya mtu wa vidole viwili juu ya viwili? Mzee Hamimu alikuwa anahangaika na sindano, uzi unapita kulia, unapita kushoto. Aliposikia, aliweka vyote chini.

"Funga mudomo," alisema.

"Baba?"

"Mi sikusema kitu. Mi ni mushona nguo. Usichukue maneno ya mushona nguo uipeleke université."

"Lakini ni kweli, Baba. Njo vile ulisema, mutu hapimi kwa kuachia halafu mwingine apime kwa kubana—"

"Najua vile nilisema!" Sauti ilimpanda, naye si mtu wa kupandisha sauti. "Unataka watu waseme Hamimu njo alimurudisha mutoto wake nyumbani? Nilimusomesha, nikamushonea koti, halafu kwa neno moja nimufungie mulango? Wallahi sitaki."

"Na lile koti la bwana harusi?"

"Alioa nalo! Bibi harusi alimukataa? Apana. Iko na watoto sita. Watu walicheka, wakala pilau, wakaenda kwao." Akaokota sindano tena, uzi ukapita kando. "Enda, Hayat. Mi siko mutoto. Radhia atakuwa ananiletea chakula."

Hayat akachukua sindano mkononi mwake, akatia uzi, akamrudishia. Jioni chakula kilipoa mezani, wote wawili wakisingizia kwamba hawana njaa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mzee Hamimu alikuwa mbele kama alivyoahidi, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, Radhia pembeni yake. Hayat alisimama akaeleza visiwa, akaeleza jinsi ndege hawa walivyonusurika, akapiga sauti zao kwenye spika ndogo na ukumbi ukanyamaza kuzisikiliza. Akaeleza yai moja na mayai matatu, mabinti wanaobaki na watoto wanaoondoka. Yule mtaalamu wa samaki alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha ukaja mchoro wa mabawa.

Madame Irène alikuwa akimtazama. Baba yake pia alikuwa akimtazama, na kwa mbali, kwa midomo tu, alikuwa akisema enda, enda. Sentensi moja ya tahadhari ilikuwa imeandikwa tayari. Ilikuwa imebaki kuisoma haraka na kupita. Hayat alitamani sana kupita, na asidanganywe mtu kwamba wenye kusema kweli huwa hawatamani.

"Huu mchoro haufai," alisema kwa Kifaransa, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Ndege wa kisiwa cha kwanza niliwapima bawa likiwa limeachiwa. Wa kisiwa cha pili walipimwa na mtu mwingine, bawa likiwa limenyooshwa. Aliniandikia, nami sikusoma. Tofauti mnayoiona inaweza kuwa ya ndege. Inaweza pia kuwa ya mikono ya wapimaji."

Mtaalamu wa samaki akavua miwani. "Sasa, Mademoiselle, kuhusu mabawa matokeo yako ni nini?"

"Sijui, Monsieur."

Jury walitoka nje kwa muda ambao ulimzeesha. Waliporudi walimsifu kwa uaminifu wake kwa maneno mazuri sana, maneno ya kutia kwenye fremu, kisha wakamwahirishia hadi Novemba, arekebishe sura ile na kuileta upya. Novemba! Barua ya Ubelgiji ilisema Julai. Madame Irène alikusanya karatasi zake bila kumtazama, na Hayat alipotafuta kanzu nyeupe pale mbele, kiti kilikuwa kitupu.

Alirudi Bwiza kwa miguu. Kulia alilia njiani, waziwazi, mwanamke wa kuuza matunda akamuuliza nani amekufa. Alikuwa amesema kweli na hakusikia hata chembe ya ile furaha wanayosema watu huja baadaye. Alisikia uchovu, na chini ya uchovu, jambo ambalo hatamwambia mtu, alisikia nafuu kwamba Septemba atakuwa bado kwao. Nafuu hiyo ilimchukiza.

Magharibi ilikuwa bado. Baba yake alikuwa kwenye meza ya kukatia, na mbele yake lile koti la kijivu likiwa limefumuliwa. Mikono upande mmoja, kifua upande mwingine, nyuzi zimetapakaa. Hayat alisimama mlangoni. Alijua baba yake ana haki ya kukasirika, lakini hakutegemea hasira ya kufumua koti.

"Nisamehe, Baba."

"Ulisema limekaa vizuri," mzee alisema bila kugeuka.

"Nini?"

"Jumatatu. Ulisema limekaa vizuri. Lilikaa?"

Alhamisi hiyo Hayat alikuwa amekwisha kusema kweli moja na imemgharimu ya kutosha, naye hakuwa na nguvu ya nyingine. Lakini mzee alisubiri.

"Apana," alisema. "Lilibana. Hapa na hapa."

"Nilijua. Nilisikia kwa mukono, pale kwa mugongo. Nikajisemea, kama yeye hasemi na mi sisemi." Akavuta utepe shingoni mwake. "Barua zingine zitakuja. Kule baridi haiishi. Kuja hapa, simama. Pumua kawaida, usivute tumbo."

Akasimama. Baba yake akauzungusha utepe kifuani mwake, akaukutanisha, akaubana kwa kidole gumba. Akauleta karibu na macho. Akausogeza mbali. Akausogeza tena karibu, akaelekea dirishani palipokuwa na mwanga wote wa jioni.

"Themanini na ine," alisema kwa sauti ya uhakika. "Andika."

Hayat akatazama chini. Kidole gumba cha baba yake kilikuwa juu ya tisini na nne.

Kila kitu kikampitia mara moja: vifungo vilivyovutana, sindano isiyopata uzi, wateja wanaorudishwa kesho na keshokutwa, taa isiyofaa. Taa ilikuwa nzima. Angeweza kuandika themanini na nne na kuibadilisha namba kimyakimya baadaye.

"Apana, Baba. Ni tisini na ine."

Mzee hakusogea. Utepe ulikuwa bado umemzunguka Hayat.

"Toka lini?" Hayat aliuliza.

"Toka Ramadhani. Jicho la kushoto njo lilianza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekubali kwenda?"

Mzee aliuachia utepe, akaukunja akitumia vidole tu, akauweka kwenye kiganja cha binti yake. Kisha akapapasa meza, akapata chaki, akapata mkasi mkubwa mweusi ambao mpini wake umechimbika kwa kidole chake, na ambao hata Shakuru hakuruhusiwa kuugusa. Akamsogezea vyote viwili.

"Baba, mi sijui kukata."

"Nani amepima?"

Hayat alitazama utepe kiganjani, kisha akamtazama yeye. "Ni mi."

"Basi."

Mzee akazunguka meza akishika ukingo wake, akaketi kwenye kiti cha wateja, ambacho Hayat hakuwahi kumwona akikikalia.